Kilele Kisicho na Jina: Kuvitambua Vilainishi vya Plastiki Ndani ya Chakula

(Hotuba nzima, kama ilivyotolewa mbele ya wachambuzi wa maabara na wakaguzi wa chakula. Imewekwa hapa kwa ajili ya waliokosa kufika. Picha za ukutani zimeachwa.)

Ndugu wachambuzi, ndugu wakaguzi, nanyi wanafunzi mliojibanza kule nyuma karibu na mlango, karibuni.

Mwezi Mei 2011 Taiwan ilitikiswa na kilele kimoja. Mchambuzi katika maabara ya serikali alikuwa akipima unga wa bakteria wa tumbo, ule unaouzwa kama kirutubisho. Alitumwa kutafuta dawa: je, kuna mtu aliyechanganya dawa za kupunguza unene humo kinyemela? Dawa hakuziona. Alichokiona kwenye kromatogramu, ule mchoro wa mashine ambamo kila kemikali iliyotenganishwa hujitokeza kama kilele, ni kilele kikubwa ambacho hakikuwa kwenye orodha yake. Angeweza kuandika "hakuna", akafunga faili, akaenda zake. Nani angemlaumu? Alikifuatilia mpaka kikapata jina: DEHP, kilainishi cha plastiki, kwa mamia ya miligramu kwa kilo.

Mamia! Kiasi hicho hakitoki kwenye mfuko wa kufungia. Kiasi hicho kimetiwa kwa mkono. Uchunguzi ukafika kwa watengenezaji wa kiungio cha kutia ukungu, kile kinachofanya kinywaji kionekane kizito na kisijitenge. Kwa kawaida kiungio hicho hutengenezwa kwa gundi ya akasia na mafuta ya mawese. Wao waliondoa mawese wakatia DEHP, kwa kuwa ilikuwa rahisi na haichachi. Kutoka hapo ikasambaa kwenye vinywaji vya wanamichezo, sharubati, jamu na vidonge.

Sasa nawauliza: kama mashine ya mchambuzi yule ingekuwa imepangwa kusikiliza ioni za dawa tu, yaani vipande vyake vyenye chaji, angekiona kilele kile? Asingekiona. Spektrometa ya masi, mashine inayopima uzito wa ioni, ikipangwa kusikiliza ioni chache ni kama mtu aliyeziba masikio akaacha tundu moja. Inasikia vizuri sana inachokitafuta, na haisikii kingine chochote. Kwa hiyo, hata mnapopima kwa ioni teule ili mpate usikivu, acheni mashine ipige pia mkupuo kamili, isikilize ioni zote, tuseme kutoka m/z (masi ya ioni kwa chaji yake) 50 hadi 500, ndani ya mzunguko huohuo au kwenye sindano ya pili. Mashine nyingi za siku hizi zinaweza kufanya yote mawili kwa pamoja. Faili hilo litunzeni. Siku moja mtalirudia.

Lakini hilo ni jambo jepesi. Nililokuja nalo leo ni hili: mashine itawaonyesha kilele, ila haitawaambia kimetoka wapi. Kukipa jina, na kuapa kwamba kimetoka kwenye chakula na si kwenye meza yako, hiyo ni kazi yako wewe.

Tuelewane kwanza na wageni wetu. PVC yenyewe ni ngumu, kama bomba la maji taka. Ukitaka iwe laini, ikunjike, iwe mpira wa kunyonyea maji au glavu, unaichanganya na kimiminika kizito cha mafutamafuta, mara nyingi asilimia 30 hadi 40 ya uzito wote. Kimiminika hicho hakijafungwa na kifungo chochote cha kikemia. Kimekaa tu katikati ya minyororo ya plastiki. Kikigusa mafuta kinahama. Kikigusa pombe kinahama. Joto likipanda kinahama upesi zaidi. Familia iliyotawala kwa miaka mingi ni thaleti: DMP na DEP nyepesi, DBP na BBP za kati, DEHP, kisha DINP na DIDP nzito. Siku hizi wamekuja warithi wao: DEHA, ATBC, DEHT, DINCH. Na mafuta ya soya yaliyotiwa epoksidi, yaliyomo kwenye mpira wa ndani wa vifuniko vya mitungi ya kioo. Hayo ya soya yana njia yake ya kuyapima, na leo siyagusi.

Nije kwenye jambo linaloangusha maabara nyingi kuliko yote. Wahenga walisema nyani haoni kundule. Mchambuzi wa thaleti naye haoni thaleti zake.

Mwaka 2008 watafiti nchini Canada walichapisha jambo la kushangaza. Walikuwa wakipima utendaji wa kimeng'enya kimoja cha binadamu, na majibu yakawa hayaeleweki. Walipochimba wakagundua kwamba kinachokizuia kimeng'enya si dawa waliyokuwa wakiijaribu, bali kemikali zilizovuja kutoka kwenye vichupa vya plastiki vya kutupa walivyokuwa wakichanganyia. Mojawapo ilikuwa oleamidi, kitu kinachotiwa kwenye plastiki ili isigandane. Si kilainishi, ni binamu yake wa kiwandani, lakini somo ni lilelile. Na hao hawakuwa wanatafuta plastiki. Je, sisi tunaoitafuta?

Hebu tuzunguke maabara kwa macho. Sakafu ya vinyl, ina kilainishi. Ngozi ya nyaya za umeme, inacho. Glavu za PVC, zinacho kingi. Utando wa kufunikia vyombo, bomba la plastiki la gesi ya naitrojeni, mpira wa kifuniko cha kichupa, mfuko wa chumvi ya kukaushia. Manukato uliyojipulizia asubuhi yanaweza kuwa na DEP. Vumbi lililotua kwenye bika usiku linayo DEHP. Hata chupa mpya ya kiyeyushi, iliyoandikwa usafi wa daraja la juu, inaweza kuwa nayo, kwa sababu usafi ule haukupimwa kwa ajili ya thaleti.

Tunafanyaje? Vyombo vya kioo ambavyo si vya kupimia ujazo vioshwe, visuuzwe kwa asetoni na kisha heksani, viingie kwenye tanuri la nyuzi 400 za Selsiasi kwa saa 4. Vikitoka vifunikwe kwa karatasi ya alumini iliyochomwa pamoja navyo, na vitumike upesi, kwa maana kioo safi kilichoachwa wazi kinaokota thaleti hewani. Chupa za kupimia ujazo msizichome, zitapoteza kipimo chake; zisuuzeni kwa kiyeyushi mara 3. Sodiamu salfeti na sodiamu kloridi zichomwe vilevile na zihifadhiwe kwenye kioo. Glavu ziwe za naitrili, na hata hizo zisiguse kiyeyushi. Pipeti ziwe za kioo. Mirija ya sentrifuji iwe ya kioo, na mwendo wa sentrifuji upunguzwe kulingana na mirija hiyo, isije ikapasuka.

Kiyeyushi kipimwe kabla hakijaingia kazini. Chukua mililita 50, ipunguze polepole hadi mililita 1, ingiza kwenye mashine. Umekikusanya uchafu wake mara 50, hauwezi kujificha. Kilele kikionekana, tafuta toleo jingine la kiyeyushi.

Halafu kuna kichupa cha mashine. Mpira wa kifuniko umepakwa tabaka jembamba la teflon upande wa ndani. Sindano ikishatoboa mara moja, kinga imekwisha: mvuke wa kiyeyushi unalamba mpira ulio wazi, na sindano ya pili inanyonya kitu kilichobadilika. Thaleti zikionekana kupanda kila unaporudia kichupa kilekile, usiitilie shaka mashine. Tobo moja, kichupa kimoja. Ukitaka kurudia, gawa sampuli kwenye vichupa viwili tangu mwanzo.

Uchafu ukitokea, kuna ngazi ya kuushukia, na naomba mwishike ngazi hii kama mnavyoshika njia ya nyumbani. Kwanza, endesha mashine bila kudunga chochote. Kilele kikitokea, uchafu uko kwenye gesi, kwenye mpira wa mlango wa sindano au kwenye kolamu, ule mrija unaotenganisha kemikali. Pili, dunga kiyeyushi kutoka kwenye kichupa kipya. Kilele kikizaliwa hapa, mshtakiwa ni kiyeyushi, kichupa au sindano. Tatu, pitisha sampuli tupu kwenye kazi nzima ya maandalizi, kila kitu kama kawaida ila chakula hakimo. Kilichoongezeka hapa kimetoka kwenye chumvi, mirija, hewa au mikono yako. Watu huruka moja kwa moja hadi ya tatu, wakiona kilele wanabadilisha kila kitu kwa mkupuo, na wiki ijayo hawajui ni kipi kilichowasaidia.

Wanaotumia kromatografia ya kimiminika wana hila moja nzuri sana. Uchafu mwingi unakuja na kiyeyushi cha pampu: unajikusanya mwanzoni mwa kolamu wakati maji ni mengi, kisha unatoka wote pamoja kama kilele halisi, dakika ileile ya DEHP ya chakula. Kilele kizuri, chembamba, cha uongo. Dawa yake ni kolamu fupi ya C18, yaani yenye unga unaoshika vitu vya mafutamafuta, inayowekwa kati ya kichanganyio cha pampu na mlango wa sindano. Uchafu wa pampu unacheleweshwa humo. DEHP ya sampuli, inayoingia baada ya kolamu hiyo, haicheleweshwi. Matokeo ni vilele viwili: cha kwanza ni cha sampuli, cha pili kinachokuja nyuma ni cha pampu. Lakini msije mkalala! Kolamu hiyo haiwezi kuzuia kinachotoka kwenye kichupa, wala sindano, wala meza. Na isipooshwa kwa methanoli tupu mwishoni mwa kila mzunguko, inajaa, na ikijaa inavuja.

Kuna imani potofu ambayo lazima niitaje. Mtu anasema: "Mimi nina kiwango cha ndani chenye deuteri, kwa hiyo niko salama." Yaani ametia kwenye sampuli kiasi kinachojulikana cha kemikali ileile, iliyotiwa hidrojeni nzito ili itofautishwe. Uko salama na nini? DEHP yenye deuteri 4 kwenye pete inafidia kilichopotea njiani na kilichozimwa kwenye chanzo cha ioni, pale mashine inapotia molekuli chaji. Kwa hayo ni bora, na sioni sababu ya kufanya kazi hii bila yenyewe. Lakini DEHP ya sakafuni haina deuteri, kama ilivyo DEHP ya chakula. Hesabu itazijumlisha zote mbili kwa usahihi mkubwa. Kwa usahihi mkubwa, utakuwa umekosea.

Maandalizi ya sampuli nitayapitia haraka, maana kila chakula kina yake. Kwa chakula chenye mafuta: pima gramu 1 kwenye mrija wa kioo, tia kiwango cha ndani *mwanzo kabisa*, acha nusu saa kilowe. Ongeza asetonitrili mililita 5, tikisa kwa nguvu, zungusha kwenye sentrifuji, chukua tabaka la asetonitrili. Rudia mara 2 zaidi. Mafuta mengi yanabaki nyuma kwa sababu hayapendi asetonitrili. Yaliyofuata yagandishe kwa nyuzi 20 chini ya sifuri usiku kucha, kisha pitisha kwenye katriji ya kioo yenye PSA, unga unaonasa asidi za mafuta, iliyooshwa kwanza. Unapokausha kwa naitrojeni, bomba la gesi liwe la shaba au chuma cha pua, na usikaushe hadi chini. Acha mililita moja hivi. Ukikausha hadi chini, DMP na DEP zinaondoka na upepo, na DBP nayo inapungua.

Sasa tuje kwenye jina.

Ndugu zangu, 149 ni namba inayopendwa kupita kiasi. Thaleti ikipigwa na elektroni ndani ya mashine ya gesi, inavunjika, na kipande kinachobaki ni pete yenye masi 149. DEP inatoa 149. DBP inatoa 149. DEHP inatoa 149. DINP inatoa 149. Ni DMP peke yake inayojitenga na 163 yake. Kwa hiyo anayesema "nimeona 149, ni DEHP" amesema nini? Amesema ameona mtu wa ukoo ule. Hajasema ni nani. Maktaba ya spektra, ile hifadhi ya mashine ya kulinganishia alama za kemikali zinazojulikana, nayo itakupa alama 90 na jina lisilo sahihi, kwa sababu spektra za ndugu hao zinafanana kama mapacha; mimi alama ya maktaba nahesabu kuwa fununu tu.

Jina linataka mashahidi. Shahidi wa kwanza ni muda: kilele kitoke kwenye kolamu ndani ya dakika 0.1 ya kiwango halisi kilichopimwa siku hiyohiyo. Shahidi wa pili ni uwiano wa ioni. Kwa DEHP tunatazama 149, 167 na 279. Uwiano wa 167 kwa 149 kwenye sampuli usiachane na ule wa kiwango kwa zaidi ya asilimia 30. Uwiano ukivurugika, kuna mtu mwingine amekaa chini ya kilele hicho. Shahidi wa tatu ni kiwango chenye deuteri, ambacho 149 yake inakuwa 153 na kinatoka karibu sana na cha kawaida.

Tuone mfano kwa karibu. Sampuli moja, kilele kimoja, molekuli yenye masi 390. Ni DEHP? Huenda. DnOP, thaleti nyingine, ina fomula hiyohiyo, C24H38O4. DEHT nayo ina fomula hiyohiyo. Watu watatu, kitambulisho kimoja. Mashine yenye uwezo mkubwa wa kutenganisha masi haitawasaidia hapa, hata ikiwa ya bei gani, kwa sababu masi zao si za karibu, ni sawasawa. Wanatenganishwa na kolamu na namna wanavyovunjika. DnOP ina 149 na 279, lakini 167 yake ni hafifu sana, wakati ya DEHP ni kubwa. DEHT ina vikundi vyake viwili pande mbili za pete vinavyotazamana, hivyo haiwezi kufunga kipande kile cha 149 kirahisi kama wenzake. Inajitokeza kwa 112 na 261. Na tofauti hii ina uzito: DEHT imeletwa sokoni kuwa mbadala wa DEHP. Ukiwachanganya, umemshitaki mzalishaji aliyefanya alichoombwa kufanya.

Mfano wa pili ni mtego mbaya zaidi, na uko kwenye mashine za kimiminika. DEHP ikibeba protoni inaonekana kwenye 391.2843, na ikibeba sodiamu kwenye 413.2662. Chanzo cha ioni kikiwa na joto au volti nyingi, sehemu ya DEHP inavunjika kabla haijafika kwenye kipimo. Inapoteza C8H16 na kubaki 279.1591. Sasa angalieni DBP ikibeba protoni: C16H23O4, yaani 279.1591. Si karibu. Ni ileile, desimali kwa desimali! Mchambuzi asiye mwangalifu anaripoti DBP kwenye sampuli isiyokuwa nayo. Utajuaje? DBP ya kweli inatoka mapema kwenye C18. Kama 279 yako inatoka dakika ileile na 391, hiyo ni DEHP iliyovunjika kichwa.

Je, masi ya usahihi mkubwa haina faida? Inayo, tena kubwa. Kwenye chakula chenye mafuta, 149 ya kawaida inaweza kuwa kipande cha hidrokaboni, C11H17, chenye 149.1325. Cha thaleti ni 149.0233. Mashine ya kawaida ya kwadrupoli inaviona kama kitu kimoja. Orbitrap au mashine ya muda wa kuruka inavitenga bila jasho. Ukiruhusu mkengeuko wa sehemu 5 kwa milioni, kwa 391 hiyo ni 0.002 tu.

DINP na DIDP zina tabia nyingine. Hizo si molekuli moja, ni mchanganyiko wa isoma nyingi, molekuli za fomula moja zenye maumbo tofauti, kwa hiyo hazitoi kilele bali kilima. Chukueni 293 kwa DINP na 307 kwa DIDP, na mpime eneo la kilima chote, kutoka bondeni hadi bondeni. Vilima hivyo vinaingiliana vikipimwa kwa 149. Kwa ioni hizo vinaachana. Usikivu unapungua, ndiyo. Afadhali hivyo kuliko namba kubwa isiyojulikana ni ya nani.

Tukishakipa kilele jina, tunauliza kimetoka wapi. Japani walikuwa na swali hili miaka ya mwisho ya 1990. Milo iliyofungashwa ya madukani ilikutwa na DEHP kati ya miligramu 0.80 na 11.8 kwa kilo. Kila mtu aliangalia vifungashio. Vifungashio havikuwa na hatia. Waliofuatilia hatua kwa hatua, wakipima chakula kabla na baada ya kila mkono kukigusa, walifika kwenye glavu za PVC za wapishi. Na kumbukeni kilichoongeza makali: glavu zilikuwa zikinyunyiziwa pombe ya kuua vijidudu. Usafi ule ndio uliokuwa ukiosha DEHP kutoka kwenye glavu na kuipeleka kwenye chakula. Mwaka 2000 wizara ya afya ya huko ikaagiza glavu za PVC zenye DEHP zisitumike kwa chakula.

Pombe hiyohiyo ilizungumza tena China, Novemba 2012, wakati kinywaji kikali cha nafaka kilipopimwa na kukutwa na DBP miligramu 1.08 kwa kilo, ilhali kikomo kilikuwa 0.3. Macho yakaelekea kwenye mabomba ya plastiki ya viwandani. Ethanoli ya nguvu ile ikipita kwenye bomba laini la PVC, ni sawa na sisi tunapochopoa sampuli maabara, tofauti ni kwamba wao hawakukusudia.

Kwa hiyo msiripoti kitu kimoja mkaishia hapo. Ripotini mchanganyiko. DEHP peke yake kwa wingi ina hadithi yake. DBP yenye ATBC ina nyingine. Kisha pimeni glavu, bomba, kifuniko. Mkikuta uwiano uleule wa vilainishi kwenye bomba na kwenye chakula, mmekaribia. Na pimeni malighafi kabla haijaingia kwenye mashine ya kwanza.

Sasa namba. Kikomo chenu cha kupima hakitoki kwenye kijitabu cha mashine. Kinatoka kwenye sampuli tupu. Tuseme mmepitisha sampuli tupu 10 kwa siku tofauti, wastani ukawa nanogramu 20 kwa mililita, na mtawanyiko wa 6. Kikomo cha kugundua ni wastani ukijumlisha mtawanyiko mara 3: 38. Kikomo cha kupima ni wastani ukijumlisha mtawanyiko mara 10: 80. Kwa gramu 1 iliyoishia kwenye mililita 1, hiyo ni miligramu 0.08 kwa kilo. Umoja wa Ulaya, kwa marekebisho ya 2023, ulishusha kikomo cha DEHP kuhama kutoka kwenye plastiki kuingia kwenye chakula kutoka 1.5 hadi 0.6, na cha DBP kutoka 0.3 hadi 0.12. Kwa DEHP mko vizuri. Kwa DBP, kama uchafu wake kwenye sampuli tupu ni huohuo, pumzi mliyobaki nayo ni ndogo. Na mtawanyiko ukipanda kutoka 6 hadi 12, wastani ukabaki 20 vilevile, kikomo chenu kinakuwa 0.14. Hamwezi tena kuhukumu DBP. Mmeona? Uchafu ulio thabiti unavumilika. Uchafu unaopanda na kushuka ndio unaoua kazi, na kutoa wastani wake kwenye majibu hakuwaponyi.

Kumbukeni pia kwamba mwaka 2019 mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya, EFSA, iliziweka DBP, BBP, DEHP na DINP kwenye kapu moja: kiasi ambacho mtu hapaswi kukizidisha ni mikrogramu 50 kwa kilo ya uzito wa mwili kwa siku, zikihesabiwa kwa kipimo cha DEHP. Kwa mtu wa kilo 60 hiyo ni miligramu 3 kwa siku, zote nne kwa pamoja. Anayepima DEHP tu hawezi kujibu swali hilo.

Nimewaacha wakaguzi mwisho makusudi, kwa sababu kazi yote hii inaweza kuharibika mikononi mwenu kabla haijatufikia. Chakula kilichofungwa kileteni na kifungashio chake, hakijafunguliwa. Cha kumimina au kuchota kitiwe kwenye mtungi wa kioo uliochomwa, mdomo ufunikwe kwa karatasi ya alumini kabla ya kifuniko. Kijiko kiwe cha chuma. Msikitie kwenye mfuko wa plastiki hata kwa dakika tano za kukipeleka kwenye gari. Bidhaa ileile ikipatikana kwenye kioo na kwenye plastiki, chukueni zote mbili. Gawanyeni sampuli kwenye mitungi miwili palepale, mmoja ubaki umefungwa kwa lakiri, kwa sababu mzalishaji ana haki ya kuomba kipimo cha pili.

Na bebeni mtungi wa ziada, mtupu, uliochomwa pamoja na mingine. Mkifika kiwandani ufungueni, uacheni wazi kwa muda uleule mnaochota sampuli, kisha ufungeni na mtuletee pamoja na mingine. Sisi tutausuuza kwa heksani na kuudunga kama sampuli yoyote. DEHP ikionekana humo, tutawapigia simu kabla hatujamwandikia mtu yeyote barua.

Ahsanteni. Kipaza sauti kianzie kule nyuma mlangoni, nimeona mikono ya wanafunzi imekaa juu muda mrefu.